Nani Anasema Katika Wimbo? Historia ya Black Sabbath na Kosa la Mhakiki

Utangulizi

Makala haya yanaanza na kosa la mwandishi wake. Mwaka 2019, katika kozi ya Nadharia na Uhakiki wa Fasihi, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kazi ya kuhakiki, kwa Kiswahili, utungo wowote wa taifa lolote. Wengi walichagua riwaya na tamthiliya tulizozizoea. Mwanafunzi mmoja akahakiki wimbo wa bendi ya Kiingereza iitwayo Black Sabbath. Niliona jina hilo, nikakumbuka majalada ya kaseti zilizouzwa mjini nilipokuwa sekondari, yenye misalaba na mafuvu, nikaamua papo hapo. Nilimpa alama 9 kati ya 30 na kuandika kwa kalamu nyekundu: “Huu ni ushetani, si fasihi.” Alipokuja kuchukua matokeo aliniuliza swali moja tu: “Samahani Mwalimu, wimbo wenyewe umeusikiliza?” Nilimjibu kwamba jina lilitosha.

Tarehe 22 Julai 2025 mwimbaji wa bendi hiyo, Ozzy Osbourne, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 76. Kwa siku kadhaa redio zilipiga nyimbo zake. Hapo ndipo nilipoketi kusikiliza, maneno ya nyimbo yakiwa mbele yangu, jambo ambalo nilipaswa kulifanya miaka sita kabla. Makala haya yanaeleza kwa ufupi historia ya bendi hiyo na kutetea hoja moja: kwamba Black Sabbath ilihukumiwa kwa jina na jalada, na wahukumu hawakuuliza swali ambalo sisi walimu wa fasihi tunawafundisha wanafunzi waulize kwanza. Nani anasema katika utungo huu, na anamwambia nani?

Chimbuko: mtaa wa Aston na vidole vya Iommi

Kila mwaka tunawaambia wanafunzi kwamba sanaa huzaliwa na mazingira yake. Ni nadra kupata mfano ulio wazi kama huu. Black Sabbath iliundwa mwaka 1968 katika jiji la Birmingham, jiji la viwanda vya chuma na magari katikati ya Uingereza. Vijana wanne walioiunda walikulia mtaa wa Aston, makazi ya wafanyakazi: Tony Iommi mpiga gitaa, Terence Butler aliyeitwa Geezer, mpiga gitaa la besi, Bill Ward mpiga ngoma, na John Osbourne, yaani Ozzy, mwimbaji. Wote walizaliwa mwaka 1948 na 1949, wakati jiji bado lilikuwa na viwanja vya vifusi vilivyoachwa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Osbourne alipata kufanya kazi machinjioni, na akiwa kijana alikaa gerezani wiki kadhaa kwa kosa la wizi. Hawakuwa watoto wa vyuo vya muziki.

Kisa cha Iommi ndicho msingi wa yote. Akiwa na umri wa miaka 17 alifanya kazi katika kiwanda cha mabati kama mchomeleaji. Siku yake ya mwisho kazini, aliwekwa kwenye mashine ya kukandamiza mabati kwa sababu mwenzake hakufika. Mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa kuwa Iommi hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Aliambiwa asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri aliyezaliwa Ubelgiji ambaye alipoteza uwezo wa vidole viwili katika ajali ya moto na bado akapiga kwa ufundi wa hali ya juu. Iommi akajipa moyo. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akaifinyanga kuwa vifuniko vya vidole, akavivisha vipande vya ngozi ili vishike uzi.

Tuangalie matokeo yake katika fani. Vidole vya plastiki haviwezi kuhisi uzi, na nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu na zenye maumivu. Iommi akatumia nyuzi nyembamba zaidi, kisha akazilegeza. Katika albamu ya tatu, Master of Reality ya mwaka 1971, gitaa limeshushwa nusutoni tatu katika nyimbo kadhaa. Uzi uliolegezwa hutoa sauti nzito, ya chini, yenye kukokota. Mlio huo ndio ulioigwa na mamia ya bendi na kupewa jina la hevi metali, yaani chuma kizito. Tunaposema kwamba muziki huu ulitoka kiwandani, basi, hatutumii tamathali ya usemi. Tunaeleza ajali ya kazini na namna kijana mmoja alivyoikataa hukumu yake. Mhakiki anayesema kwamba mlio huo ulichaguliwa ili kutisha watu amesahau kuuliza habari za mkono unaoupiga.

Jina na jalada

Jina nalo lina historia yake. Bendi ilianza kwa jina la Polka Tulk, kisha ikaitwa Earth. Kwa kuwa kulikuwa na bendi nyingine yenye jina hilo la pili, vijana hawa walilazimika kutafuta jingine. Mkabala na mahali walipofanyia mazoezi palikuwa na jumba la sinema, nalo lilionyesha filamu ya kutisha ya mwaka 1963 ya mwongozaji Mario Bava, yenye kumshirikisha mwigizaji Boris Karloff. Kwa Kiingereza filamu hiyo iliitwa Black Sabbath. Waliona ajabu kwamba watu hupanga foleni na kulipa fedha ili watishwe. Mwaka 1969 wakalichukua jina. Hapakuwa na madhehebu wala kiapo. Palikuwa na bango la sinema na akili ya biashara.

Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina hilohilo, ilirekodiwa London kwa siku moja Oktoba 1969 na kutolewa Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970. Ndani ya jalada kampuni ya santuri ilichapa picha ya msalaba uliopinduliwa, bila ya wanamuziki kuombwa ushauri. Barua na wageni wa ajabu walianza kuwafuata. Baba yake Osbourne, ambaye alikuwa fundi wa zana kiwandani, aliwatengenezea misalaba ya chuma waivae shingoni. Tuzingatie tofauti hiyo: msalaba uliopinduliwa ulitoka ofisini kwa wauzaji, na misalaba iliyosimama wima ilitoka mikononi mwa mzazi. Wahakiki wengi waliuona wa kwanza, na hata walipoiona ile mingine waliisoma kwa macho ya ule wa kwanza.

Albamu ya pili, Paranoid, iliyotoka Septemba 1970, inatoa ushahidi mwingine kwamba jalada si shahidi wa kutegemewa. Ilikusudiwa kuitwa War Pigs, yaani nguruwe wa vita. Jina lilibadilishwa jalada likiwa tayari, na picha ya mtu mwenye upanga na ngao ikabaki bila kuhusiana na jina jipya. Wimbo “Paranoid” wenyewe ulitungwa upesi ili kujaza nafasi iliyobaki kwenye santuri. Hata hivyo ndio uliopendwa zaidi, na albamu ikashika nafasi ya kwanza Uingereza.

Wahakiki wa siku hizo hawakuwapokea vizuri. Lester Bangs, mmoja wa waandishi wakubwa wa muziki nchini Marekani, aliibeza albamu ya kwanza katika jarida la Rolling Stone mwaka 1970. Lakini miaka miwili baadaye, katika jarida la Creem, aliwarudia na kuwachambua kwa uzito kama watunzi wenye jicho la maadili. Tunamtaja kwa sababu ni nadra mhakiki kurudi nyuma na kuisoma upya kazi aliyokwisha kuitupa. Mimi nilichukua miaka sita; yeye alichukua miwili.

Nafsineni na nafsinenewa

Sasa tuingie katika nyimbo. Hatutanukuu maneno, ila tutaeleza yaliyomo.

Wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza nao unaitwa “Black Sabbath”. Unaanza kwa mvua na kengele, kisha gitaa linapiga noti tatu polepole. Noti ya mwisho inasimama mahali ambapo sikio halipati pa kutulia. Ni ule umbali wa sauti ambao wananadharia wa muziki wa Ulaya waliuita shetani katika muziki. Katika mazoezi, Butler alikuwa akipigapiga kipande cha “Mars” cha mtunzi Gustav Holst, kipande kinachohusu vita, na mlio wa Iommi ulichipuka karibu na hapo. Lakini nafsineni ni nani? Ni mtu anayekuta kiumbe cheusi kimesimama mbele yake. Anakimbia. Anamwomba Mungu amsaidie. Mtu anayeomba kuokolewa na shetani hawezi kusemwa kuwa anamwabudu. Huu ni wimbo wa hofu, na muziki unaifanya hofu hiyo isikike kabla ya neno la kwanza.

Katika “N.I.B.” mambo yanageuka, kwani hapo nafsineni ni Lusifa mwenyewe, anayembembeleza mwanamke kwa ahadi za mapenzi. Huu ndio wimbo uliowakasirisha wengi, na hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopimwa. Tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba “mimi” wa shairi si lazima awe mshairi. Msimulizi wa ngano anapokuwa Fisi, hatumwiti mlafi. Anapokuwa Sungura, hatufungi mlango. Kwa nini basi kijana wa Aston anapomsemesha Ibilisi tunamnyima haki tunayompa bibi anayehadithia wajukuu?

“War Pigs”, wimbo aliouhakiki mwanafunzi wangu, ulitungwa wakati wa vita vya Vietnam. Unaanza kwa kuwafananisha majenerali na wachawi waliokusanyika. Wanasiasa wanaanzisha vita na kujificha, wakiwaachia maskini kazi ya kupigana, na watu wanachezwa kama kete. Lakini sehemu ya mwisho ndiyo inayobeba maana yote. Siku ya hukumu inafika, Mungu anaita, na wale wenye nguvu wanatambaa kwa magoti wakiomba rehema. Shetani anacheka. Kwa hiyo Shetani yumo katika wimbo, naam, lakini yumo mahali palepale ambapo mahubiri mengi humweka: anawangoja wadhalimu. Nilipoandika “ushetani” kwa kalamu nyekundu, niliusoma wimbo kinyume na mwelekeo wake wote.

Tunaweza kuongeza “Hand of Doom”, juu ya askari waliorudi kutoka Vietnam wakiwa watumwa wa heroini, na “Children of the Grave”, juu ya kizazi kinachoishi chini ya tishio la silaha za nyuklia. Katika “After Forever” ya mwaka 1971, nafsineni anamkabili kijana anayeona haya kukiri imani mbele ya rafiki zake. Aliyeuandika, Butler, alilelewa katika familia ya Kikatoliki. Na katika “Iron Man” kuna kejeli ya aina ambayo tungeisifu katika tamthiliya yoyote: mtu anasafiri hadi wakati ujao na kuona maangamizi. Akiwa njiani kurudi anageuka chuma. Anataka kuwaonya watu, wao wanampuuza, naye kwa hasira analeta maangamizi yaleyale aliyokuja kuyazuia.

Mtunzi na mwimbaji

Hoja ya pili inahusu umiliki wa maneno. Katika miaka ya mwanzo maneno mengi yaliandikwa na Butler, mtu aliyesimama pembeni na gitaa la besi. Osbourne aliyatamka. Wapenzi wa taarabu hawatashangaa, kwani wanajua kwamba mara nyingi mshairi huandika akiwa nyumbani na mwimbaji hubeba sifa na lawama jukwaani. Osbourne alibeba zote mbili. Sauti yake si pana, lakini ina sifa moja muhimu kwa nyimbo hizi: daima inasikika kama ya mtu aliyetishika. Mtunzi aliandika onyo, na fanani akalitoa kama kilio. Bila utendaji huo, maneno ya Butler yangebaki mahubiri.

Jambo hili lilidhihirika mwaka 1979, Osbourne alipofukuzwa kwa sababu ya ulevi na madawa ya kulevya. Nafasi yake ilichukuliwa na Mmarekani Ronnie James Dio, aliyekuja na maneno yake mwenyewe. Albamu Heaven and Hell ya mwaka 1980 ni kazi nzuri sana, lakini ulimwengu wake ni mwingine. Badala ya askari na heroini kuna ishara na mafumbo, na badala ya aliyetishika kuna mwenye hekima anayefundisha. Dio aliondoka mwaka 1982, wakafuata wengine, miongoni mwao Ian Gillan na Tony Martin. Mtu mmoja tu yumo katika albamu zote za Black Sabbath, naye ni Iommi. Kwa hiyo mtafiti akiandika kwamba Black Sabbath inasema jambo fulani, hana budi kutaja mwaka na mwandishi wa maneno. Jina la bendi halina nafsi moja.

Mapungufu

Uhakiki si utetezi. Bendi iliyoonya dhidi ya heroini iliisifu bangi waziwazi katika “Sweet Leaf”, na “Snowblind” ya mwaka 1972 inazungumzia kokeini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunaswa. Mgongano huo hauwezi kufichwa. Tunauona kama ushahidi kwamba waonyaji hawakuwa juu ya maovu waliyoyataja, na kwamba onyo halikuwaokoa. Pili, wanawake katika nyimbo hizi hawasemi. Wanapendwa, wanalaumiwa au wanabembelezwa na Lusifa, lakini hatusikii jibu lao. Mhakiki wa mrengo wa ufeministi ana kazi ya kufanya hapa. Tatu, bendi ilinufaika na jina la kutisha. Waliouza hofu hawawezi kushangaa sana wakiogopwa. Lakini kunufaika na jina ni kosa tofauti na lile walilosingiziwa.

Hitimisho

Wale wanne walikuja kukutana tena mara kadhaa baada ya 1997. Mwaka 2013 albamu iitwayo 13, bila ya Ward, ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo ambalo bendi haikuwa imelipata tangu Paranoid. Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walipiga pamoja kwa mara ya mwisho Villa Park, uwanja wa mpira uliopo palepale Aston, Osbourne akiimba ameketi kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson. Siku 17 baadaye alifariki. Jiji lilikuwa limekwisha kulipa daraja jina la bendi mwaka 2019, kampuni ya baleti ya Birmingham ilikuwa imecheza muziki wao mwaka 2023, na wiki moja kabla ya onyesho la mwisho wanne hao walitunukiwa heshima ya juu ya jiji.

Tunafurahi pamoja na watu wa Birmingham, lakini tutoe tahadhari. Sifa nazo zaweza kuwa njia ya kutosikiliza. Anayesifu kwa sababu ya daraja na anayelaani kwa sababu ya jalada wote wawili wamekomea nje ya wimbo.

Jambo hili linaihusu idara yetu kuliko inavyoonekana. Katika nchi hii Kiswahili kwa muda mrefu kilihukumiwa kwa magwanda ya waliokizungumza. Wazazi wetu walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kwa watu wenye bunduki, wakakiita lugha ya wanajeshi na wezi. Sisi tuliokwenda Dar es Salaam kukisomea tulirudi tukilalamika kwamba watu hawajaisikiliza lugha yenyewe, mashairi yake na hekima yake. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mtu anayeyatoa hana ruhusa ya kumwambia mwanafunzi wake kwamba jina linatosha.

Niliitafuta karatasi ile katika sanduku la kazi za zamani. Ilikuwemo, kwani baada ya jibu langu mwanafunzi aliiacha mezani. Nimeisoma upya. Ina kasoro: inamhesabu Osbourne kuwa mtunzi wa maneno, na haisemi lolote kuhusu muziki. Lakini imeitambua nafsineni, imeeleza kejeli ya sehemu ya mwisho, na imeuhusisha wimbo na vita vya Vietnam bila kubabaisha. Ningempa 21 kati ya 30. Alama hizo haziwezi tena kuingia katika kumbukumbu za chuo, kwa hiyo naziandika hapa, katika jarida ambalo najua yeye, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, bado hulisoma. Kwa walimu wenzangu nina pendekezo moja dogo. Kabla ya kushika kalamu nyekundu, tujibu kwanza swali lile aliloniuliza.